Duka la 'Stationary' Lina Kosa Gani?

Wapo wasomi wetu ambao hawana burudani kubwa kuliko kucheka Kiingereza cha mwenye duka. Msomi wa aina hiyo akifika katika soko kama la Mbumbuni, kule Makueni, akaona kibao cha duka la madaftari kimeandikwa 'stationary' badala ya 'stationery', atauliza kwa kebehi iwapo duka hilo lilitarajiwa kutembea. Naam, tahajia haikubali 'a' pale. Lakini kicheko hicho, kwa maoni yangu, chafichua kwamba mchekaji alikariri herufi bila kuuliza zilikotoka.

Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Katika Kilatini cha Zama za Kati, 'stationarius' alikuwa mfanyabiashara mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na mchuuzi aliyezunguka na mzigo mgongoni. Waliotulia mahali pamoja walikuwa hasa wauza vitabu, karibu na vyuo vikuu. Chama chao cha London kilianzishwa mwaka 1403, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1557. Karatasi, wino na kalamu walizouza zikaitwa kwa jina lao, na ile 'e' ikatoka kwa 'stationer', muuzaji mwenyewe. Kumbe duka lile limeitwa hivyo kwa sababu halitembei!

Katika mtihani wa kidato cha nne, watahiniwa huulizwa maneno ya Kiingereza yatamkwayo sawa. Sikio haliwezi kuwasaidia kujua yaandikwavyo. Mwanafunzi aliyechekwa hunyamaza, na akinyamaza hajifunzi. Aliyesimuliwa habari za muuza vitabu na kibanda chake hatasahau herufi hiyo upesi.

Hata hivyo, si maneno yote yafananayo yana udugu. 'Council', yaani baraza, na 'counsel', yaani ushauri, yalitokana na maneno mawili tofauti ya Kilatini, 'concilium' na 'consilium', na Waingereza wenyewe waliyachanganya kwa muda mrefu. Sisi tulijinasua: wa baraza tukamwita diwani, wa ushauri tukamwita mshauri. Ila diwani naye ana pacha wake, kitabu cha mashairi. Wote wawili ni neno moja la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu, likiwa na maana ya daftari, baraza na mkusanyo wa tungo. Sijamsikia msomi yeyote akimcheka diwani kwa kuitwa kitabu.