Mwatiko: Samaki Mwenye Hadhari

Soko la Burma, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, lajulikana zaidi kwa nyama. Hata hivyo, kwa familia zenye asili ya Pwani zinazoishi jirani, Shauri Moyo na Pumwani, hamu ya kitoweo cha bahari haiishi. Juma hili twawaletea habari za mwatiko, samaki mgumu kumvua na mtamu kumla.

Mwatiko ana rangi ya fedha na mkia mpana uliopasuka kama mkasi. Aweza kufikia urefu wa mita 1.8. Maji ya bamvua yakijaa, huingia penye kina kifupi, juu ya mafungu ya mchanga na kando ya mikoko, kutafuta mwani. Hana meno, na ni nadra kushughulika na chambo cha kamba au ngisi. Ndiyo maana mvuvi wa mshipi humwona akipita, naye akarudi mikono mitupu. Kivuli cha mtu au kishindo cha kafi chatosha kumtorosha. Si kama mkizi, ambaye hasira zake ni furaha ya mvuvi. Huko Ushelisheli, wageni husafiri kutoka mbali wamjaribu kwa ndoana iliyofungwa nyuzi za kijani mfano wa mwani, kisha humwachilia.

Mvuvi mwenye subira huweka uzio au wavu wakati maji yanajaa, akangoja yatoke. Mwenye pupa hukokota juya, likazoa wakubwa, vifaranga na nyasi za baharini pamoja. Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001, lakini bado halijatoweka. Hasara yake ni kubwa, kwani vifaranga vya mwatiko hukulia humo humo mikokoni. Vikizolewa leo, kesho hapana samaki. Kilifi na Kwale, vikundi vya wanavijiji, wakiwamo akina mama, sasa hufuga mwatiko katika mabwawa yaliyochimbwa karibu na mikoko.

Basi, mama mpendwa, nawe una sauti katika jambo hili. Popote ununuapo, tazama matamvua yawe mekundu na nyama iwe ngumu ukiibonyeza. Kataa vifaranga, hata vikiwa rahisi, visiponunuliwa, havitavuliwa.

Mwatiko ana miiba mingi mno, myembamba kama nyuzi. Mchanje ubavuni kwa mistari iliyokaribiana sana, umpake chumvi, ndimu na pilipili, kisha umkaange hadi akauke. Au mchemshe, uichambue nyama kwa vidole, uitoe miiba yote, ndipo ufanye kababu. Kwa watoto wadogo, njia hii ya pili ni salama zaidi.

Suratul Maida, katika aya ya 96, imetuhalalishia mavuvi ya bahari. Halali hiyo ni neema, na neema hutunzwa ili wajao nao waikute.