Mashine Inaposoma Picha ya Kifua

Baba mmoja analima, anabeba gunia la maharage hadi sokoni Kasulu, wala hakohoi. Je, anaweza kuwa na kifua kikuu? Ndiyo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wanaogunduliwa majumbani hawakuwa na dalili walizozitambua. Na huku kwetu Kibondo na Kasulu, usiku wa baridi madirisha hufungwa na watoto hulala chumba kimoja na wazazi. Hewa ni moja.

Picha ya eksirei huweza kuonyesha madoa ya mapafu kabla ya kikohozi. Lakini nani ataisoma? Madaktari bingwa wa picha ni wachache, nao wengi wako mijini. Ndiyo sababu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kompyuta inaweza kusoma picha hizo badala ya mtu. Ufundi huu huitwa akili mnemba.

Kompyuta hujifunzaje? Huonyeshwa maelfu ya picha za wagonjwa na za wazima, mpaka izoee tofauti zao. Kisha, ikipewa picha mpya, hutoa alama. Programu ya CAD4TB, iliyotoka Uholanzi, hutoa alama kuanzia 0 hadi 100. Programu hiyo imejaribiwa hapa Tanzania pia, katika gereza moja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Gerezani, kama ilivyo katika bweni au kambi ya wakimbizi, watu wengi huvuta hewa moja.

Hapa tuelewane vizuri. Alama kubwa si hukumu. Maana yake ni kwamba makohozi yapimwe. Kovu la kifua kikuu kilichopona zamani linaweza kuidanganya mashine. Alama ndogo nayo isimfanye mtu anayeendelea kukohoa abaki nyumbani. Mashine huchuja, makohozi ndiyo huthibitisha, na mganga ndiye huamua.

Basi, familia ifanye nini?

1. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukikonda, au ukitoka jasho usiku, nenda kituo cha afya. Usingoje mashine mpya. Makohozi yanatosha kuanzia.

2. Mmoja akigundulika, wote wa nyumba hiyo wapimwe. Watoto wadogo wapelekwe mapema, maana wapo wanaopewa dawa ya kinga.

3. Mama mjamzito aseme hali yake kabla ya kupigwa picha.

4. Mgonjwa amalize dawa zote, kwa kawaida miezi sita, hata akijisikia mzima. Hutolewa bure.

5. Fungueni madirisha mchana.

Wapo wanaosema kikohozi kirefu ni kurogwa, wakapoteza miezi kwa waganga wa jadi huku watoto wakiambukizwa. Anayempenda mtoto wake na apime kifua chake.