Mlinzi Naye Hukaguliwa: Rafu za Urani Iliyotumika

Kila askari aliyepata kushika zamu ya ghala la silaha anajua kwamba kufuli peke yake si ulinzi. Bunduki huhesabiwa, nambari zake hulinganishwa na daftari, na kufuli yenyewe hukaguliwa isije ikawa imeliwa na kutu. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala hifadhi ya urani iliyokwisha kutumika katika mitambo ya umeme wa nyuklia. Yafaa askari na polisi wa Awindiri, na wenzao wa Koboko, waifahamu, kwa kuwa Serikali ya Uganda imekusudia kujenga mtambo wa namna hiyo huko Buyende, karibu na Ziwa Kyoga.

Urani huingizwa mtamboni ndani ya fito nyembamba za madini, zilizofungwa pamoja kama matita ya kuni. Baada ya miaka michache tita hutolewa, lakini halijafa: laendelea kutoa joto, na mionzi yake yaweza kuua. Kwa hiyo huzamishwa katika birika lenye kina cha mita 12 hivi, likasimamishwa wima katika rafu ya chuma, kila tita na chumba chake. Maji hulipoza na kuizuia mionzi. Kati ya vyumba huwekwa mabamba yenye boroni, ambayo kazi yake ni kumeza nyutroni, zile chembe ziwashazo moto wa atomiki, ili matita yaliyokaribiana yasije yakaamshana tena.

Mabamba hayo ndiyo mlinzi, na mlinzi naye huchoka. Huko Marekani mitambo kadhaa ilitumia bidhaa iitwayo Boraflex, ambayo boroni yake ilishikwa ndani ya kitu mithili ya mpira. Mionzi ikakifanya kigumu na kukipasua, nayo maji yakakila kidogo kidogo. Uharibifu huo ulijificha ndani ya rafu. Dalili yake ilikuwa kuzidi kwa silika katika maji ya birika. Mwaka 1996 Tume ya Marekani inayosimamia nyuklia iliwaandikia wenye mitambo waeleze hali ya rafu zao.

Njia ya ukaguzi ni nyepesi kueleza. Vipande vya mfano vya bamba lile lile huzamishwa birikani pamoja na rafu. Kila baada ya miaka kadhaa kimoja hutolewa, kikapimwa uzito, unene na nguvu ya kumeza nyutroni. Pengine chombo kitoacho nyutroni hushushwa ndani ya rafu yenyewe, na kipimo huonyesha ni ngapi zinazopenya.

Asiyekagua hulipa wakati wa dhiki. Mwezi Machi 2011, baada ya tetemeko na mawimbi makubwa huko Fukushima, Japani, umeme ulikatika na wakuu hawakuweza kujua kwa hakika kina cha maji katika mabirika. Ilihofiwa kwamba birika la mtambo namba 4 lilikuwa limekauka, kumbe maji yalikuwamo. Tarehe 17 marubani wa jeshi walitumwa kwa helikopta kumwaga maji juu ya mtambo namba 3, wakiruka juu ya mionzi. Hao ni askari kama sisi. Mwaka uliofuata Marekani iliamuru mitambo yake iwekewe vipimo imara vya maji ya mabirika.

Na jirani zetu wana fundisho lao. Kinshasa ilipata mtambo mdogo wa utafiti mwaka 1959, wa kwanza barani Afrika. Katika miaka ya 1970 fito mbili za urani zilitoweka huko. Moja ilinaswa na polisi wa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliotaka kuiuza. Ya pili haijapatikana. Mali iliyopotea Kongo ilivuka bahari. Basi yaweza pia kuvuka njia ya Vurra au ya Oraba, ambako askari na polisi wetu hushika zamu.

Kwa hiyo tunasema: daftari la ghala lisiwe pambo. Hesabu ifanywe kwa mkono na jicho, kipimo kipimwe, na aliyekagua atie sahihi yake kwa jambo alilolithibitisha, si kwa mazoea. Siku mtambo wa Buyende utakapohitaji walinzi, watatafutwa miongoni mwa waliozoea kuhesabu kwa uaminifu tangu leo.