Damu inapovuja utumboni na kamera isione kitu

MGONJWA huongezewa damu katika hospitali mjini Nakuru, akarudi nyumbani Njoro au Molo, na baada ya miezi michache akapungukiwa tena. Kamera iliyopitishwa kooni haikuona kitu tumboni, wala ile ya njia ya haja kubwa. Baina ya mahali kamera hizo mbili zinapokomea pamebaki utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6.

Daktari mwangalifu hatarukia magonjwa adimu kabla ya kuyaondoa yaliyo mlangoni: minyoo ya safura, pamoja na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, ambazo wengi hujinunulia dukani bila cheti.

Hayo yakiondolewa, mishipa yenyewe ya damu ndiyo hushukiwa. Kwa wazee, aghalabu tatizo ni angiodisplasia: vishipa chini ya utando wa utumbo hutanuka, vikavujisha damu kidogo kidogo bila maumivu. Dosari ya Dieulafoy, iliyopewa jina la tabibu Mfaransa aliyeieleza mwaka 1898, haina subira hiyo. Ateri nene kupita kiasi hukaa karibu mno na utando, ikapasuka ghafla na damu ikabubujika. Wengine huzaliwa na vishipa dhaifu walivyorithi; hao mara nyingi hutokwa damu puani tangu ujana.

La ajabu zaidi ni uhusiano na moyo. Mwaka 1958, daktari Mmarekani Edward Heyde aliandika kuhusu wagonjwa ambao vali ya ateri kuu ya moyo ilikuwa imebana, nao wakivuja damu katika njia ya chakula. Baadaye ilibainika kuwa damu ikipenya kwa nguvu kwenye vali hiyo, protini inayosaidia kugandisha damu hukatikakatika. Vali ikibadilishwa, mara nyingi utumbo nao huacha kuvuja.

Tangu 2001, iliporuhusiwa Marekani, ipo kamera ya kumeza, mithili ya kidonge, ambayo hupiga maelfu ya picha kwa takriban saa 8. Ni kipimo ghali.

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako mwili huongeza hemoglobini kufidia uhaba wa oksijeni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaka kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko: kiwango kinachotosha Mombasa chaweza kuwa upungufu Nakuru.

Choo cheusi kama lami, hasa kikiandamana na kizunguzungu, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo huweza kukifanya cheusi, kwa hiyo anayevitumia amwarifu daktari.