Dirisha la Wodi ya Kifua Kikuu

Alfajiri mjini Maua, ukungu uteremkapo kutoka vilele vya milima ya Nyambene na baridi ipenyapo hata chini ya blanketi mbili, mgonjwa wa kifua kikuu aliyelazwa hunyosha mkono akafunga dirisha. Na muuguzi, apitapo na barakoa usoni, hulifungua tena, asiseme neno. Jamaa wajao kumzuru hudhani ni ukatili, ilhali dirisha lile ni dawa isiyoandikwa katika cheti cha tabibu.

Maradhi haya hayaambukizi kwa kikombe wala sahani, ijapokuwa wengi wetu tungali tukimtengea mgonjwa bakuli lake. Huambukiza kwa vitone vidogo mno vitokavyo kifuani akohoapo au hata asemapo, vikaelea kwa saa kadhaa pahali palipofungwa. Huko Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1950, tabibu Richard Riley aliielekeza hewa ya wodi ya vitanda sita hadi kwenye vizimba vya simbilisi, ambao hawakupata kumwona mgonjwa hata mmoja, nao wakaambukizwa. Kumtenga mgonjwa, basi, ni kazi ya kuitenga hewa yake.

Hospitali ya Methodist ya Maua iliasisiwa mwaka 1928, zama ambazo tiba ya kifua kikuu ilikuwa chakula, pumziko, jua na upepo, kwani dawa ya streptomaisini haikugunduliwa hadi 1943. Na muhula wa matibabu wa miezi sita tuujuao leo umetokana, kwa sehemu kubwa, na majaribio yaliyoanza hapa kwetu Afrika Mashariki mwaka 1970, wakati ambapo mgonjwa alilazimika kumeza dawa mwaka mmoja na nusu. Fahari hiyo hatuitaji vya kutosha.

Siku hizi wengi hutibiwa nyumbani, kwa kuwa dawa ikishakubali uambukizaji hupungua upesi, aghalabu katika majuma mawili ya mwanzo. Kitanda cha kutengwa huwekewa aliyezidiwa, au yule ambaye mashine ya vipimo ya GeneXpert, kwa muda wa saa mbili hivi, imeonyesha kuwa vijidudu vyake vimeikaidi dawa ya rifampisini.

Juzi ndugu wa mgonjwa mmoja, mchumaji miraa, aliniuliza kwa haya kama yafaa wale sahani moja. Nikamwambia wale, ila wakae nje barazani, penye upepo.