Jino likivunjika safarini, usikimbilie kung'oa

KIGALI. Mfanyabiashara aliyevunjika jino la mbele akisubiri basi la Kampala kituoni Nyabugogo mara nyingi huona njia moja tu: kung'oa. Basi halimsubiri mtu. Lakini jino ambalo mzizi wake ni mzima na mshipa haujafikiwa huweza kujengwa upya siku hiyohiyo kwa kompoziti, mchanganyiko wa resini na chembe laini za kioo wenye rangi ya meno.

Daktari hulipaka jino asidi ili lishike, hutia gundi, kisha hupanga kompoziti tabaka kwa tabaka, kila moja ya takribani milimita 2, akiigandisha kwa taa ya buluu. Mwisho huchonga na kung'arisha. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Si dawa ya kila jino. Lililooza hadi kwenye mshipa litibiwe kwanza. Kulifunika ni kuficha moto chini ya majivu. Chai, kahawa na sigara huchafua kompoziti, na anayefungua soda kwa meno ataivunja tena.

Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa Rwanda, uliochapishwa 2018, ulikuta asilimia 70.6 ya waliohojiwa hawajawahi kumwona mtaalamu wa meno.

Uliza bei kabla ya kukaa kitini; kazi ya urembo bima nyingi hazilipi. Na kipande kilichovunjika kisitupwe: kitie kwenye maziwa au maji safi uende nacho. Wakati mwingine hubandikwa palepale kilipotoka.