Kichwa cha Dijitali kwenye Reli za Zamani

Treni za mfano, zile zinazokimbia mezani kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5, kwa miongo mingi zilitegemea kanuni nyepesi. Kidhibiti hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, kuanzia volti sifuri hadi 12, nao hupita kwenye reli na magurudumu hadi kwenye mota. Ukiongeza volti, mwendo unaongezeka. Ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Umeme huo huo ndio chakula na ndio amri. Kwa hiyo vichwa viwili vikiwa juu ya reli moja, vyote viwili huitika kwa pamoja. Wapenzi wa treni hizi Uingereza na Ujerumani walilazimika kuzikata reli vipandevipande na kukiwekea kila kipande swichi yake, ili kichwa kimoja kisimame wakati kingine kinatembea.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilitengeneza mfumo unaotenganisha chakula na amri. Mwaka 1994 chama cha NMRA cha Marekani kiliuweka kuwa kiwango, na leo unajulikana duniani kwa herufi DCC. Katika mfumo huu volti za reli hazipandi wala hazishuki. Aghalabu huwa kati ya 14 na 16. Kinachobadilika ni chanya na hasi, ambazo hupokezana maelfu ya mara kwa sekunde. Zikipokezana kila baada ya mikrosekunde 58, hiyo ni moja. Zikikawia hadi 100 au zaidi, hiyo ni sifuri. Moja na sifuri hizo huunda ujumbe wenye namba ya kichwa kinachoamriwa. Ndani ya kila kichwa kuna dikoda, saketi ndogo inayousoma ujumbe, kuuacha usioihusu na kuiendesha mota kwa ule unaoihusu.

Sasa chukua kichwa chenye dikoda ukiweke kwenye reli za analogi za babu. Mara nyingi kitatembea, na hilo halikutokea kwa bahati. Umeme ukiingia, dikoda husikiliza kama kuna mapokezano ya haraka. Isipoyakuta, huelewa kwamba iko kwenye reli za zamani: inatazama reli ipi ni chanya ili ijue upande wa kwenda, kisha inapima volti ili ijue mwendo. Kwa maoni yangu, huu ni miongoni mwa uamuzi wa busara kabisa katika uhandisi wa vifaa vya burudani, kwa sababu uliwajali watu waliokuwa wametumia nusu ya maisha yao kuunganisha nyaya chini ya meza.

Ila huduma hiyo ina gharama, nayo utaiona mara tu uanzapo kuzungusha kitufe. Kwenye volti 3 kichwa cha kawaida tayari kinajongea. Cha dijitali kimetulia tuli, maana dikoda inahitaji umeme wake yenyewe kabla ya kuigawia mota. Karibu na volti 5 au 6 taa zinawaka, halafu kichwa kinaondoka kwa mruko. Zile dikoda zenye sauti huchelewa zaidi: injini kwanza inanguruma, ndipo magurudumu yanazunguka. Mwendo wa juu nao hupungua, kwa kuwa sehemu ya volti hupotelea kwenye dayodi na transista za dikoda. Hivyo usivifunge pamoja kichwa cha zamani na cha dijitali kuvuta behewa zilezile. Kimoja kitaanza safari huku kingine kimegoma, magurudumu yakikwaruza reli.

Na vile vipande vya reli vyenye swichi? Ukikizimia umeme kipande alichosimama mgeni huyu, taa na sauti vinakatika papo hapo, na ukiuwasha tena dikoda inaanza upya kabisa.

Kidhibiti chenyewe ni suala zito zaidi. Vingi vya zamani hutoa umeme kwa mapigo ili mota izunguke polepole bila kukwama. Mota hufaidika na mapigo hayo, lakini dikoda huchanganyikiwa: inashindwa kujua kama ni amri au ni umeme mchafu, basi kichwa kinastuka-stuka au kinakimbia ovyo. Umeme laini wa mkondo mnyoofu ndio salama. Transfoma kuukuu pia zinaweza kupandisha volti kupita kiasi zisipokuwa na mzigo, kwa hiyo zipime kwa mita kwanza. Kamwe usiunganishe kidhibiti cha analogi na cha dijitali kwenye reli moja kwa wakati mmoja, kwani unaweza kuunguza vyote viwili.

Jambo la mwisho linawahusu wanaonunua mitumba. Ruhusa ya kutembea kwenye analogi huhifadhiwa ndani ya dikoda, katika kigezo namba 29. Dikoda nyingi hutoka kiwandani zikiwa na thamani 6 hapo: 2 ni ya hatua za mwendo, 4 ni ya ruhusa yenyewe. Mwenye kichwa wa awali akiiondoa ile 4, kichwa hakitasogea kwenye reli zako hata kikiwa kizima, na kuirudisha kunahitaji kidhibiti cha dijitali. Kabla hujakirudisha dukani au kukifungua mota, mwombe mwenye mfumo wa DCC akusomee kigezo hicho.